Siku Moja Nje ya Kisiwa: Mombasa na Safari za Kwenda na Kurudi

Mombasa ni kisiwa. Kila mtoto wa shule analijua hilo, lakini ndilo jambo la kwanza kusahaulika mtu anapopanga kutoka asubuhi na kurudi jioni. Hufungua ramani kwenye simu akaanza kuhesabu kilomita: Mtwapa 16, Rabai 25 hivi, Kwale 30, Diani 35, Kilifi 60, Shimoni karibu 80, Gede 100 kasoro, Malindi 120. Kwa hesabu hiyo Diani ni jirani na Kilifi ni mbali. Jaribu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Huenda aliyekwenda Kilifi akawa ameshaagiza chai ya pili, na wa Diani bado amekaa garini upande wa kisiwani, akiitazama feri inavyongoja meli ya makontena ipite.

Kilomita si kipimo cha safari hizi. Kipimo cha kwanza ni kivuko, cha pili ni maji, na mtu akivifuata viwili hivyo kwa uaminifu atajikuta mara nyingi ameelekezwa asikotarajia: mbali na mchanga, juu vilimani, Rabai na Kwale. Huko wakazi wengi wa mji huu hawajawahi kwenda kutembea, ingawa nazi wanayokuna na sehemu ya maji wanayokunywa hutoka hukohuko.

Kaskazini kazi ya kuvuka ilimalizwa zamani. Daraja la kwanza la Nyali, lile lililoelea juu ya maboya, lilifunguliwa mwaka 1931. La zege lililopo sasa ni la 1980. Mkondo wa Mtwapa ulivukwa kwa pantoni ya kuvutwa kwa minyororo, wavutaji wakiimba, na uimbaji wao ukawa wenyewe ni kivutio cha wageni. Kilifi ilibaki na feri mpaka daraja lake lilipofunguliwa mwaka 1991. Tangu hapo, mtu akishatoka Nyali hakuna maji ya kumzuia mpaka Malindi. Kinachomzuia ni magari: Kongowea, Bombolulu, Bamburi, kisha Mtwapa, ambako mji umekua kandokando ya barabara moja na kila mtu anataka kuivuka hiyohiyo. Aliyepita Mtwapa kabla ya saa mbili asubuhi amepita; wa saa nne atasimulia.

Kusini habari ni nyingine. Feri ya Likoni imekuwa ikivusha watu tangu 1937, na mpaka leo hakuna daraja la magari juu ya mlango ule. Upana wake ni kama nusu kilomita. Feri ikishaachia, dakika chache iko ng'ambo. Muda hauliwi na kuvuka, huliwa na kungoja. Makadirio yanayotajwa kila mara ni kwamba watu zaidi ya 300,000 huvuka hapo kwa siku, wengi wao wakienda kazini na kurudi, na msafiri wa starehe huja kujipenyeza katikati ya mkondo huo. Tena mlango huo ndio wa bandari ya Kilindini. Meli kubwa ikiingia au ikitoka, feri husimama, hata kama imebeba mgonjwa au bwana harusi. Ukisimama pale dakika 20 ukaona kontena zimepangwa kama ghorofa zikipita taratibu mbele yako, utaelewa nani mwenye mji. Likoni ina kumbukumbu nyingine pia, hapo jirani yake Mtongwe: tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka, wakafa watu 272. Wapo mpaka leo wasiokanyaga feri bila kuangalia kwanza maboya yamewekwa wapi.

Barabara ya Dongo Kundu imebadilisha hesabu, ingawa si kwa kila mtu. Inatoka Miritini, inakatiza mikono ya bahari kwa madaraja ya Mwache na Mteza (la Mteza lina urefu wa mita 1,440), halafu inatokea upande wa Kwale kwenye barabara ya Lungalunga. Anayeshuka treni ya SGR pale Miritini, au anayetoka Nairobi kwa gari lake, sasa hufika Diani bila kukigusa kisiwa kabisa. Mkazi wa Changamwe au Jomvu naye amepata nafuu. Lakini mtu wa Kibokoni, Majengo au Kizingo, ili aifikie njia hiyo ya mkato, sharti kwanza atoke kisiwani kupitia Makupa na kushindana na malori ya bandarini. Kwake yeye, ushauri wa zamani bado ni mzima: liache gari nyumbani. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi kitu na hangojei foleni ya magari; ng'ambo atakuta matatu za Ukunda, Kwale na Msambweni zikiita abiria. Mwenye familia yenye watoto na chungu cha biriani atanung'unika, na ana haki. Ila saa moja aliyoiokoa ataiona mbele.

Kipimo cha pili, maji, hupuuzwa zaidi kwa sababu hakina foleni. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba unaokwenda sambamba na ufuo, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji mafupi. Siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Siku za maji mafu huenda isifike mita mbili. Aliyefika Diani au Kikambala wakati maji yamekupwa kabisa hukuta bahari imerudi mpaka mwambani, akabakiwa na vidimbwi na majani ya baharini. Wageni wengi hudhani wameletwa ufuo mbaya. Ufuo hauna kosa. Wamefika saa isiyo yake.

Saa yenyewe si siri. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili zinazofuata, katika eneo la Mombasa maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa sana kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Zikifika robo za mwezi mambo hugeuka: saa nne au saa tano asubuhi maji ndiyo yamejaa, ijapokuwa bila kishindo, na jioni yamekupwa. Katikati ya vipindi hivyo saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Anayefuata tarehe za Kiislamu hana haja ya jedwali: kuanzia mwezi mosi hadi mwezi tatu, na mwezi 14 hadi 17, ni bamvua; mwezi nane na mwezi 22, na siku za jirani, ni maji mafu. Kwa hiyo Jumamosi inayoangukia mwezi 15 ni ya kutembea mwambani asubuhi kwa viatu vya mpira, watoto wakichungulia vidimbwi, halafu kula kivulini, halafu kuoga alasiri. Jumamosi ya mwezi 22 ni ya kuoga mapema na kufunga virago baada ya chakula cha mchana. Wavuvi huishi kwa hesabu hii. Inashangaza kwamba hoteli na mashirika yanayouza safari hizi huandika saa ya kifungua kinywa kwa herufi kubwa, na saa ya maji hayaiandiki.

Maji yana neno hata katika sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ya umma. Maana yake hakuna hoteli yenye mchanga wake. Mwenye kiwanja anamiliki mpaka mahali fulani, na kutoka hapo kwenda chini ni pa kila mtu, awe na suti ya kuogelea ya bei au amefunga leso. Hiyo ni karatasi. Kufika penyewe ni shughuli: kutoka barabara kuu mpaka baharini kuna kuta ndefu za viwanja vya watu binafsi, na vichochoro vya umma vilivyoachwa kati yake vingine vimezibwa, vingine vimewekewa lango na askari anayeuliza unakwenda kumwona nani. Kisha kuna hilo la bamvua. Alasiri ya mwezi 15 maji hupanda mpaka kwenye kuta, na ardhi yote ya umma inakuwa chini ya bahari. Mali ya wananchi huonekana saa sita, ikazama saa sita.

Ndiyo maana familia za kawaida za Mombasa, siku za Idd, Krismasi na hata Jumapili za kawaida, hujazana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wote tunauita Pirates, au hubaki kisiwani Mama Ngina na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Si kwamba hawajui Diani ilipo. Pirates hakuna anayewauliza wanakwenda kumwona nani.

Diani yenyewe sina haja ya kuisifu. Imeshasifiwa na kila aliyewahi kuuza chumba. Mtu wa siku moja atafaidi zaidi akizigusa ncha zake mbili kuliko kujibwaga katikati. Ncha ya kaskazini, Mto Mwachema unapoingia baharini, upo msikiti wa Kongo, wa mawe, wa kale, umezungukwa na mibuyu minene na watu bado wanausalia. Ncha ya kusini ipo Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Haruhusiwi kuokota kitu, hata jani lililoanguka lenyewe. Mwongozaji, Mdigo wa pale, atakuonyesha mti wa kutibu tumbo na mzabibu wa mwituni wenye unene wa paja, na atakaa kimya kuhusu sehemu ambazo hupelekwi. Msitu wenyewe ni mdogo, hekta 30 hivi, na saa moja na nusu inatosha. Nje yake, juu ya barabara ya lami ya Diani, zimetundikwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Wanazitumia. Wanadamu wa Likoni wangezionea wivu.

Mbele kidogo, Gazi, panastahili muda kuliko panavyopewa. Kijiji kina njia ya mbao inayokatiza mikoko, inaendeshwa na kikundi cha akina mama, na tangu 2013 watu wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Fedha hizo zimeingia katika maji na shule. Hapohapo ipo nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akalazimika kuvuka mpaka na kukimbilia kwa Wajerumani. Baadaye nyumba yake ilifanywa shule. Ni nadra kukuta mahali padogo namna hii penye vita vya zamani, biashara mpya kabisa, na chakula cha mchana cha wali wa nazi na samaki, bila kusogeza gari.

Shimoni na Wasini ndipo mwisho wa siku moja upande wa kusini, na kuna masharti. Shimoni palikuwa makao ya mwanzo ya kampuni ya Waingereza iliyokuja kutawala Afrika Mashariki katika miaka ya 1880, na mapango yake, yanayosimamiwa na wanakijiji wenyewe, huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa. Kutoka hapo mashua huvuka mkondo hadi kisiwa cha Wasini, ambacho hakina gari hata moja. Nyuma ya kijiji ipo bustani ya mawe ya matumbawe ya kale yaliyosimama juu ya ardhi, na akina mama wa Wasini wamejenga juu yake njia ya mbao. Bamvua likijaa maji huingia mle na mawe hukaa majini. Likipwa unatembea juu ya tope kavu lililopasuka. Bustani moja, sura mbili, na mgeni wa siku moja hupata ile aliyoikuta. Hifadhi ya bahari ya Kisite iko nje zaidi, na pomboo huonekana mara nyingi. Aendaye huko achague kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yanapokuwa matulivu na maangavu. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka na nusu ya abiria watarudi wamelala chini ya mashua wakijuta. Na kwa kuwa Jumapili jioni foleni ya Likoni huhamia upande wa bara, wa Shimoni aondoke kabla ya saa tisa, au akubali kurudi usiku.

Upande wa kaskazini unauzwa kwa pupa. Kuna safari za siku moja zinazoahidi Mida, Watamu, Gede na Malindi kwa pamoja, na kweli gari husimama kote huko. Ukijumlisha saa za barabarani utaona mteja amenunua kiti cha gari chenye madirisha manne ya mandhari. Malindi inataka kulala. Ina nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapo Aprili 1498, ina mitaa ya kale, na ina halua ambayo haifai kuliwa kwa haraka. Watamu nayo inamtaka mtu aamke hapo maji yakiwa bado yamelala.

Gede inawezekana, kwa sharti iwe ndiyo shabaha ya siku. Mji huu wa mawe ulio ndani ya msitu ulichimbuliwa na James Kirkman kati ya 1948 na 1958, na mwaka 2024 uliingia katika orodha ya UNESCO. Una msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima virefu, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399. Vyombo vya Kichina vilivyookotwa humo vinaonyesha kwamba ulikuwa na pesa. Kwa nini watu waliuhama mapema karne ya 17, wataalamu wana majibu mengi: maji ya visima kupungua, vita, njia za biashara kuhama. Kima wa pale hawana maoni, ila watakunyang'anya ndizi. Jirani kabisa ni msitu wa Arabuko-Sokoke, zaidi ya kilomita 400 za mraba, na mradi wa Kipepeo ambao tangu 1993 umekuwa ukinunua kutoka kwa wakulima wa kandokando ya msitu pupa za vipepeo ili msitu uwe na faida kwao ukiwa umesimama. Gede na msitu wake ni siku nzima, tena siku nzuri.

Lakini nikiulizwa na mtu mwenye nusu siku tu, humwambia aende Jumba la Mtwana, baada tu ya Mtwapa. Wengi huliruka wakikimbilia Gede yenye jina. Ni magofu ya karne ya 14 na 15, Kirkman huyohuyo aliyasafisha mwaka 1972, na tofauti na Gede haya yako baharini penyewe: msikiti wake wa ufuoni umesimama hatua chache kutoka kwenye mchanga, na birika la kutawadhia lipo, na kando yake kaburi lenye aya ya Qurani inayokumbusha kwamba kila nafsi itakufa. Asubuhi ya siku ya kazi huenda ukawa peke yako na mlinzi. Mibuyu, upepo, kuta za matumbawe zenye vidaka vya kuwekea taa. Hapo mtu anaona bila kuelezwa kwamba watu hawa walijenga wakitazama bahari, na kwamba mji wa Mombasa wa leo ni ndugu wa miji iliyokufa.

Ndugu wa pili wa Mombasa hakufa, na hatembelewi. Ni vilima vya nyuma. Kwa karne nyingi mji huu uliishi kwa mkataba na Mijikenda wa makayani: wao walileta nafaka, nazi, sandarusi na pembe, mji ukatoa nguo na bidhaa za ng'ambo, na vita vikija kila upande ulimhitaji mwenzake. Anayetaka kuuona mkataba huo kwa macho apande Rabai. Njia ni ya Nairobi mpaka Mazeras, kisha kulia kilomita chache kati ya minazi na mikorosho. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga ng'ambo ya Nyali ndani ya miezi michache, na mwaka 1846 akiwa na Johannes Rebmann akahamia Rabai. Kutoka kilima hiki Rebmann alianza safari iliyomfikisha Mei 1848 mbele ya theluji ya Kilimanjaro, jambo ambalo mabingwa wa jiografia wa London walilikataa kwa kejeli wakiwa wamekaa vitini. Rebmann alibaki Rabai mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Krapf alikuwa akikusanya maneno. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye ameshafariki.

Makumbusho yenye jina la Krapf iko ndani ya jengo la zamani la kanisa, na nyumba za wamisionari zipo hapo kando. Si kubwa. Ukimaliza picha za ukutani kwa nusu saa, mwongozaji huwa na jambo jingine la kusema, na hilo ndilo la kungojea: Rabai palikuwa pia kimbilio la watumwa waliotoroka na walioachwa huru, na hapo wamisionari wenyewe walikaa kwa ridhaa ya wazee wa kaya. Misitu ya kaya za Rabai iko karibu na imo katika orodha ileile ya UNESCO. Kuingia ni kwa mpango na wazee, hakuna kujipenyeza. Nje, kijana hushuka mnazini na kibuyu kiunoni, na chini ya mkorosho wapo wanaokingojea kibuyu hicho kwa hamu. Asiyekunywa tembo ataletewa dafu.

Kwale ni kilima cha pili. Ukifika Kombani unaiacha barabara ya Lungalunga na kuanza kupanda, na ndani ya nusu saa hewa imebadilika. Asubuhi za kusi kuna ukungu. Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, ndiyo mahali pekee nchini Kenya wanapoishi palahala, wanyama weusi wenye pembe zilizopinda nyuma, na tembo wapo. Maporomoko ya Sheldrick yana kimo cha zaidi ya mita 20, na hufikiwa kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori. Kushuka ni raha, kupanda ni hesabu ya dhambi. Ndani ya vilima hivi zipo chemchemi za Marere, ambazo tangu enzi ya Mwingereza maji yake yamevutwa kwa bomba mpaka Mombasa. Mtu wa mjini akifungua bomba lake huenda ameshaitembelea Shimba bila kujua.

Kwa nini basi haendi? Nauli si jibu kamili, maana Kwale na Rabai ni rahisi kuliko Diani. Sababu moja ni mazoea: kwa mtu wa mji, shamba ni mahali unapokwenda kwa mazishi, arusi au kugawana urithi, si mahali pa matembezi. Sababu nyingine ni usafiri wa mwisho. Matatu itakufikisha Kwale mjini au Mazeras, lakini kutoka hapo mpaka langoni au mlangoni mwa makumbusho unategemea bodaboda, na ndani ya hifadhi sharti uwe na gari. Tatu ni malipo. Hifadhi za taifa hazipokei tena fedha taslimu; unalipa kwa simu kupitia eCitizen, na si mara moja nimeona familia nzima imesimama langoni ikiinua simu juu kutafuta mtandao. Vibao navyo ni vichache na vimefifia. Kaunti tatu, Mombasa, Kwale na Kilifi, kila moja hutangaza vyake, na mgeni hajui kwamba amevuka mpaka. Anajua tu kwamba hakuna aliyemwambia.

Fedha nazo zina njia zake. Abiria wa meli za kitalii wanaoteremka Kilindini wana siku moja tu, na wengi hupakiwa mabasini alfajiri kwenda Tsavo Mashariki kuona tembo wekundu, wakarudishwa jioni meli ikipiga honi. Kwao hiyo ni haki yao, hawatarudi tena. Ila pesa yao hupita juu ya Mazeras bila kusimama. Shilingi inayoachwa Gazi, Wasini, Shimoni mapangoni au Kaya Kinondo, sehemu yake kubwa hubaki kijijini, kwa sababu anayekuongoza ndiye mwenye mahali. Mimi ningependa kuona wakazi wa Mombasa wenyewe, na hasa shule zao, wakiwa ndio wateja wa kwanza wa maeneo hayo. Watoto wa darasa la sita hupelekwa Fort Jesus karibu kila mwaka. Ngome hiyo ya 1593 ni muhimu, lakini iko umbali wa kutembea, na mtoto anayeijua ngome bila kaya amefundishwa nusu ya mji wake.

Hesabu ya Rabai, kwa anayetaka, ni hii. Huhitaji kuangalia mwezi wala feri. Ondoka kisiwani saa moja asubuhi, kabla malori hayajapanga foleni Changamwe, ufike Mazeras saa mbili na nusu hata kama njia ni mbaya. Mpigie mwongozaji simu siku moja kabla ikiwa unataka kuingia kaya. Beba chakula, kwa maana hoteli za Mazeras ni za madereva na sahani zake ni za madereva. Mapumziko ya mchana yawe chini ya miembe ya misheni, na saa nane uwe barabarani, kwa sababu kuanzia saa tisa malori yanayoteremka kutoka bara hukutana na matatu zinazorudisha watu wa Mariakani, na kilomita 20 za mwisho zinaweza kukugharimu saa mbili.